Nusu nyuzi chini ya sifuri

Simu iliingia saa moja kasoro asubuhi, chai ikiwa bado jikoni. Mwaka ulikuwa 2021, na aliyepiga alikuwa muuguzi wa zahanati moja ng'ambo ya ziwa, upande wa Sengerema, ambako miezi michache kabla tulikuwa tumefunga kifaa chetu cha kufuatilia joto la jokofu la chanjo. Ni mama mtu mzima, mwenye salamu ndefu. Siku hiyo shikamoo yangu ilijibiwa kwa mkato.

"Marahaba. Fundi, friji limegandisha. King'ora kimelia tangu saa nane usiku. Penta zote na za pepopunda nimezitoa, nimeziandika zisitumike. Nasubiri tu neno la wilaya niziteketeze."

Nilifungua kompyuta nikavuta grafu ya usiku ule. Hadi saa saba hivi mstari ulikuwa unapanda na kushuka taratibu kati ya nyuzi 4 na 5, kama jokofu zima linavyopumua. Halafu, kati ya kipimo kimoja na kilichofuata, ukadondoka hadi -0.5. Ukabaki hapo. Saa nzima na zaidi, mnyoofu kama umepigwa rula. Kisha ukarudi 4.6 bila kupita popote katikati, na kabla ya alfajiri ukadondoka tena.

"Usiteketeze kitu, Mama," nilimwambia. "Nakuja."

Asiyefanya kazi na chanjo anaweza kudhani adui ni joto peke yake. Chanjo nyingi hutunzwa kati ya nyuzi 2 na 8, na kweli joto huziua, lakini huziua polepole. Baridi kali haisubiri. Penta (chanjo moja ya magonjwa matano), pepopunda na nyingine zenye chumvi ya alumini zikiganda, chembe zake hushikana, nguvu ya chanjo hupotea, na hata ukiziyeyusha hairudi tena. Ndiyo maana vipimajoto vya kielektroniki vinavyokubaliwa na Shirika la Afya Duniani kwa majokofu haya vina ving'ora viwili visivyolingana: zaidi ya nyuzi 8 kwa saa 10 mfululizo, au -0.5 na chini yake kwa dakika 60. Sisi tulifuata mipaka hiyohiyo. Kwa hiyo kifaa chetu, kikihesabiwa kwa sheria zake, hakikukosea kumwamsha mama wa watu. Kilipokea -0.5, kikahesabu dakika 60, kikalia.

Tatizo lilikuwa hiyo -0.5 yenyewe, na aliyeipeleka nilikuwa mimi. Programu inayosoma kihisi niliiandika kwa mkono wangu.

Kutoka Mwanza hadi Kigongo, kisha kivuko hadi Busisi. Daraja lilikuwa bado linajengwa, nguzo zimesimama majini, na sisi abiria tukizitazama kama kawaida. Mimi nilikuwa natazama simu. Kihisi tulichotumia, TMP102, hupima kwa hatua za sehemu ya 16 ya nyuzi, yaani 0.0625. Hewa ndani ya jokofu haitulii kiasi cha kubaki kwenye hatua moja kwa saa nzima: mlango hufunguliwa, kompresa huwaka na kuzima, namba hucheza kidogo. Hii haikucheza hata mara moja. Namba isiyocheza kwa saa nzima haipimi kitu chochote kilichopo duniani. Nilijua hilo kabla kivuko hakijagusa ng'ambo, ila sikujua bado imetoka wapi.

Kipimajoto cha kawaida, kile ambacho muuguzi hukisoma asubuhi na jioni na kukiandika kwenye karatasi iliyobandikwa mlangoni mwa jokofu, kilionyesha nyuzi 5. Niliona ahueni, yeye hakuiona. "Saa hizi ni tano," alisema. "Saa nane usiku ilikuwa ngapi? Wewe hukuwepo, mimi sikuwepo, mashine ndiyo iliyokuwepo." Alikuwa na haki kabisa. Huwezi kumpa mtoto chanjo kwa sababu fundi ana hisia nzuri.

Basi akafanya jaribio la kutikisa. Alichukua kichupa kimoja cha penta cha toleo lilelile, akakigandisha makusudi usiku mzima, na asubuhi yake akakiacha kiyeyuke. Kisha akakitikisa pamoja na kimojawapo kati ya vile vilivyoshukiwa, akaviweka mezani sambamba, tukakaa kuvitazama. Kile kilichogandishwa kilianza kutulia mapema: maji maangavu juu, mashapo mazito chini. Kile kilichoshukiwa kilibaki na ukungu wake sawasawa juu hadi chini. Hakikuwa kimeganda. Nimewahi kuona programu zangu zikifaulu majaribio mengi, lakini sijawahi kukaa kimya mbele ya jaribio kama nilivyokaa mbele ya vichupa vile viwili.

Chanzo kwenye maunzi kilikuwa kidogo sana. Pini za kiunganishi cha waya wa kihisi zilikuwa zimeanza kushika kutu kwa unyevu wa ziwani, na mtetemo wa kompresa ulitosha kuzitenganisha kwa muda. Waya ukikatika, kihisi hakijibu. Kutojibu kwa kihisi ni jambo la kawaida kabisa, linatarajiwa, na keneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo unaoendesha kompyuta yetu, ina njia safi ya kulisema. Mimi ndiye niliyeziba njia hiyo.

Draiva, kwa asiyeijua, ni kipande cha programu kinachokaa ndani ya keneli na kuongea na kifaa kwa niaba ya programu nyingine zote. Ukiandika draiva ya kihisi cha I2C, njia ya nyaya mbili ya kuongea na vifaa vidogo, unaiita funksheni ya keneli iliyo tayari, nayo inakurudishia namba moja. Namba hiyo ikiwa sifuri au zaidi, ni data. Ikiwa chini ya sifuri, ni kosa: -5 ni hitilafu ya kusoma na kuandika, -110 ni muda umekwisha, na -121, kwenye kompyuta ndogo ya Raspberry Pi tuliyotumia, maana yake kifaa cha upande wa pili hakikuitikia. Namba moja, maana mbili, na mpaka kati yake ni alama ya kutoa. Mistari yangu ilikuwa hii:

s16 raw = i2c_smbus_read_word_swapped(client, 0);
return (raw >> 4) * 625 / 10;

Ukiisoma haraka ni sawa tu. Inasoma biti 16, inasogeza biti 4 kulia kwa sababu kihisi huweka kipimo kwenye biti 12 za juu, inageuza kuwa sehemu za elfu za nyuzi. Ilipita kwenye meza yangu, ikapita kwa wenzangu, ikafanya kazi miezi. Sasa ifuate -121 inavyotembea humo ndani. Inaingia kwenye raw, inabaki -121. Ukisogeza biti 4 kulia unapata -8. Zidisha kwa 625, gawa kwa 10: -500. Sehemu 500 za elfu chini ya sifuri. Nusu nyuzi kamili, mpaka uleule wa king'ora cha kuganda.

Muda ukiisha, -110 hutoa -0.437. Hitilafu ya -5 hutoa -0.062. Kila kosa lilikuwa na joto lake.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba funksheni ile ya keneli haikunificha kitu. Inarudisha namba ya biti 32. Ndani ya biti 32, joto halisi la -0.5 huja kama 65408, namba chanya, kwa sababu kihisi kinatuma biti 16 tupu na alama ya kutoa haijasambazwa bado. Kosa huja kama -121. Huwezi kuzichanganya: moja iko juu ya sifuri, nyingine chini. Nilipoisukumia ndani ya kisanduku cha biti 16, ile 65408 ikawa -128, na -128 na -121 zikisogezwa biti 4 zote mbili ni -8. Ukweli na kosa vikawa kitu kimoja, na hakuna programu yoyote ya juu, hata iandikwe na nani, inayoweza kuvitenganisha tena. Wenzangu waliniuliza kwa nini nisiweke ukaguzi wa mipaka, kwamba joto lisiloaminika litupwe. Lakini -0.5 inaaminika! Ndilo joto tulilofunga kifaa ili kulikamata.

Marekebisho yalikuwa mistari mitatu. Pokea jibu kwenye kibadilika kipana, cha biti 32, uliza kama liko chini ya sifuri, kama liko chini lirudishe lilivyo bila kuligusa. Baada ya hapo tu ndipo ugeuze kuwa joto, na joto lenyewe lipitie mlango mwingine, kwenye kielekezi, yaani anwani ya mahali pa kuliweka, lisitumie mlango wa kosa.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma kwa makini visa vya makosa yaliyovaa nguo za data, na kuna kimoja ninachokirudia kila ninapomfundisha kijana mpya. Tarehe 4 Juni 1996 roketi ya Ariane 5 iliruka kwa mara ya kwanza kutoka Kourou, Guyana ya Ufaransa. Ndani yake kulikuwa na kompyuta mbili za kupima mwelekeo na mwendo, zote zikiendesha programu ileile iliyorithiwa kutoka Ariane 4. Katika sekunde ya 37 hivi, programu hiyo ilijaribu kuingiza namba ya desimali ya biti 64 ndani ya namba kamili ya biti 16. Ariane 5 ilikuwa na kasi kubwa ya kwenda mlalo kuliko mtangulizi wake, na namba haikuenea. Kompyuta ya akiba ilikuwa imeshazimika sehemu ndogo ya sekunde kabla, kwa sababu hiyohiyo.

Hadi hapo watu wengi hukisimulia. Sehemu inayonihusu mimi ni inayofuata. Kompyuta iliyokufa iliweka taarifa ya uchunguzi wa hitilafu kwenye njia ileile ya data, na kompyuta kuu ya roketi ikaisoma taarifa hiyo kama vipimo vya safari. Ikaamini kwamba roketi imepinda vibaya, ikageuza midomo ya injini hadi mwisho kurekebisha mpindo ambao haukuwepo. Roketi ikavunjika hewani. Ujumbe wa "nimeshindwa" ulifika, kwa wakati, bila kupotea hata biti moja, na ukasomwa kama pembe.

Tume ya uchunguzi, chini ya mwanahisabati Jacques-Louis Lions, ilieleza jambo jingine ambalo naliona ni zito kuliko lile la biti: hesabu iliyoshindwa ilikuwa ya maandalizi ya kabla ya kuruka, haikuwa na kazi yoyote tena angani, na kanuni iliyowekwa ilikuwa kwamba kosa lolote la aina hiyo lizime kompyuta nzima. Mtu aliamua, huko chini kabisa, kwa niaba ya roketi nzima. Hili nalihesabu kuwa ndugu wa kosa langu. Mimi nilificha, wao walizima, lakini pande zote mbili kipande cha chini kilijipa mamlaka ya kuamua kosa lina uzito gani. Draiva haijui kama ipo kwenye jokofu la chanjo au la soda. Kazi yake ni kusema kwa usahihi kilichotokea na kumwachia uamuzi aliye juu, anayejua.

Na ndani ya keneli kuzima ni rahisi mno. Programu ya kawaida ikigusa kumbukumbu isiyo yake, mfumo huiua na wengine wanaendelea. Draiva ikifanya hivyo hakuna aliye chini yake wa kuidaka. Tarehe 19 Julai 2024 draiva ya usalama ya kampuni ya CrowdStrike kwenye Windows ilitarajia sehemu 21 za data ikapewa 20, ikaenda kusoma ya 21 nje ya mpaka, na kompyuta milioni 8.5, kwa makadirio ya Microsoft, zikaanguka na kushindwa kuwaka. Miaka mingi kabla, mwaka 2001, watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walipokagua msimbo wa Linux na wa OpenBSD, mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta, walikuta draiva zina kiwango cha makosa mara 3 hadi 7 ya sehemu nyingine za keneli. Sishangai. Draiva huandikwa na watu wengi, kila mmoja akiwa na kifaa kimoja mezani, kizima, chenye waya mpya. Sehemu inayoshughulikia makosa ndiyo isiyoendeshwa kamwe hadi siku inapohitajika.

Nilifikiri nikirekebisha draiva nimemaliza. Sikuwa nimemaliza. Nilipoiweka toleo jipya na kuchomoa waya makusudi, grafu ilionyesha 4.6. Nikasubiri. 4.6. Dakika kumi, 4.6. Draiva sasa ilikuwa inarudisha kosa vizuri kabisa, lakini programu ya juu, iliyoandikwa na mwenzangu kwa lugha ya Python, ilikuwa na mstari usemao kipimo kikishindikana tumia kile cha mwisho. Alikuwa ameuandika kwa nia njema, kwa sababu grafu yenye mapengo ilimchukiza mteja mmoja. Kwa hiyo jokofu lingeweza kuzimika na waya kukatika siku moja, chanjo zikapikwa humo ndani, na sisi tukaendelea kumwonyesha muuguzi 4.6 tulivu ya kijani. Hii ni mbaya kuliko -0.5 yangu. Yangu angalau iliamsha mtu.

Tuliufuta mstari ule siku hiyohiyo. Keneli yenyewe, kwenye mfumo wake wa vihisi vya joto, ina faili maalumu la kusema kihisi kimeharibika, temp1_fault, mbali na faili la joto. Walioijenga walishajua kwamba joto na ubovu wa kipimo ni habari mbili.

Kuna sifuri nyingine iliyonisumbua baadaye. TMP102 ikiwashwa, hadi imalize kipimo chake cha kwanza, kama milisekunde 26, ukiisoma inakupa nyuzi 0 kamili. Hakuna kosa, hakuna alama, waya mzima. Ni rejista tupu tu. Kila umeme ulipokatika na kurudi, grafu ilipata mwiba mmoja wa sifuri. Hapo draiva lazima ikumbuke kihisi kiliwashwa lini na iseme "jaribu tena" badala ya kupokea ile sifuri. Aliyewahi kutumia DS18B20, kihisi kingine cha joto, anaijua nyuzi 85 yake ya kuwashwa, ni habari ileile.

Niseme na kushindwa katikati ya kuanza, kwa sababu hapo ndipo nilipopoteza wiki mbili. Draiva inapoanza, funksheni ya probe huomba vitu kwa mpangilio: kumbukumbu, pini ya king'ora, foleni ya kazi, ukatizaji kutoka swichi ya mlango (ishara inayoikatiza kompyuta ijue mlango umefunguliwa), kisha kujisajili ili wengine waione. Ombi la nne likikataliwa, lazima urudishe la tatu, la pili na la kwanza, kwa mpangilio wa kinyume, kama mtu anayeshuka ngazi aliyopanda. Lugha ya C haikusaidii. Watu wa keneli hutumia goto, amri ya kuruka hadi kwenye lebo zinazopangwa mwishoni mwa funksheni, na wanafunzi waliofundishwa kwamba goto ni haramu hushtuka wakiziona. Binafsi nazipenda. Zinakulazimisha kuiandika ngazi ya kushukia.

Tangu mwaka 2007, kwa kazi ya Tejun Heo, mmoja wa waandishi wa keneli, kuna njia nyingine: unaomba kwa funksheni zinazoanza na devm, na keneli yenyewe hurudisha kila kitu kinyumenyume draiva ikishindwa au ikiondolewa. Nilizipokea kwa furaha, nikazichanganya na zile za mkono, na mchanganyiko ndio ulioniangusha. Ukatizaji wa swichi ya mlango niliuomba kwa devm. Foleni ya kazi niliiunda kwa mkono na kuivunja kwa mkono kwenye funksheni ya kuondoa. Sasa angalia mpangilio: funksheni ya kuondoa hukimbia kwanza, foleni inavunjwa, halafu ndipo devm inazima ukatizaji. Katikati hapo kuna upenyo mdogo. Mlango ukifunguliwa ndani ya upenyo huo, ukatizaji unaamka, unatupa kazi kwenye foleni iliyokwisha kuvunjwa, na keneli inaanguka.

Kwa mkono nisingeukamata. Niliandika kitanzi cha kuitoa na kuirudisha draiva mara 1,000 huku mdogo wangu akibofya swichi ya mlango bila kupumzika, akilalamika kidole kinamuuma. Ilianguka mara ya 340 na kitu. Dawa ilikuwa kuisajili hata kazi ya kuvunja foleni ndani ya devm, kabla ya kuomba ukatizaji, ili vyote vishuke ngazi moja.

Siku hizi sipeleki draiva popote kabla sijaitesa. Nachomoa waya wa data ikiwa inasoma. Naugusisha waya huo kwenye ardhi ya umeme, ambapo njia nzima ya I2C hukwama; nikiutoa na kihisi kikabaki kimeushikilia, mdhibiti wa njia hupiga hadi mapigo 9 ya saa ili kiuachie. Nawasha kipengele cha keneli kinachokataa maombi ya kumbukumbu kwa makusudi, ili kila ngazi ya goto ikanyagwe walau mara moja. Kila kitanzi kinachosubiri kifaa kiwe tayari nakipa mwisho, kwa sababu kifaa kilichotoka hakiwi tayari milele. Kadi ya PCI, ile inayochomekwa ndani ya kompyuta, ikichomolewa, kila usomaji hurudisha biti zote moja, na kitanzi kinachongoja biti fulani iwe sifuri kitangoja hadi betri iishe. Nasoma mara 3, napumzika kati yake, kisha nakubali kushindwa na kusema hivyo. Logi, yaani daftari la matukio, naiandika kwa kipimo: kosa la kila sekunde likiandikwa kila sekunde hujaza kadi ya kumbukumbu na kufukia kosa lililolianzisha.

Hilo la kelele linanirudisha kwa watu. Nilipokaa zahanati siku zile mbili, muuguzi aliniambia kwamba king'ora kiliwahi kulia wiki mbili nyuma, kidogo, kikanyamaza. Alikagua, akakuta nyuzi 5, akaendelea na wajawazito wake. Laiti kingelia mara tano zaidi, alisema, angekichomoa. Sikuwa na la kujibu. Mashine ya tiba ya mionzi ya Therac-25, iliyowazidishia dozi wagonjwa sita huko Marekani na Kanada kati ya 1985 na 1987, wengine hadi kufa, ilikuwa ikitoa ujumbe wa hitilafu mara nyingi kwa siku, namba tupu kama "Malfunction 54", na mwendeshaji aliruhusiwa kubofya P ili kuendelea. Waendeshaji walizoea. Wangefanyaje? Ujumbe haukusema kitu, na karibu kila mara hakuna kilichotokea. Mtu huzoeshwa na mashine yenyewe kutoisikia.

Kwa hiyo maneno kwenye kioo cha kifaa hatukuyaandika sisi. Nilimwuliza yeye: waya ukikatika, ungependa ikuambie nini? Alifikiri, akasema isimwambie namba yoyote, kwa sababu akiona namba ataiandika. Iseme hakuna kipimo, na imwambie pa kushika. Tukaweka "HAKUNA KIPIMO. KAGUA WAYA WA MLANGONI", na mlio wake tofauti na ule wa kuganda, mfupi, wa kujirudia kwa nafasi.

Mwaka uliofuata, wakati wa mvua, simu yake iliingia tena asubuhi. Safari hii salamu ilikuwa ndefu, aliuliza nyumbani, aliuliza kazi, akaulizia na yule kijana wa kidole. Kisha akasema, "Kile kioo chako kimeandika hakuna kipimo. Nimetazama kipimajoto changu, kiko tano. Nimeusukuma ule waya, kimerudi. Nimepiga tu ujue, uje na kiunganishi kingine siku ukipita."

Nilifungua grafu. Mstari ulikuwa unakuja vizuri hadi saa moja na nusu, ukaishia hewani, na kuanza tena dakika 22 baadaye. Katikati palikuwa peupe. Nilimwuliza kama ameandika chochote kwa muda ule.

"Nimeandika tano," alisema. "Kwenye karatasi ya mlangoni, kwa kalamu."